Nilitoa Minazi, Wakaandika Shamba

Uvumi ulinifikia sokoni Ganda, nikiwa nimeinama napanga mihogo.

"Kabibi, wahama lini?"

Aliyeuliza ni Kahonzi, jirani yangu, muuza samaki wa kukaanga. Nikacheka.

"Nihamie wapi, Kahonzi? Mbinguni?"

"Mimi sijui. Nasikia shamba lenu lishapata mwenyewe. Nikasema nikuwahi, yale makuti ya banda la mbuzi usije ukampa mtu mwingine."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu hawana majina, mayo. Wana midomo tu."

Nikamfukuza kwa mzaha, naye akaenda zake akicheka. Lakini lile neno halikwenda naye. Lilibaki na mimi. Nikipika, lipo. Nikifagia kaburi la marehemu Mwaro, mume wangu, lile tulilolizungushia mawe tukingoja kulijengea, lipo. Mwanangu Randu alipokuja kuomba nyundo, nikamtazama kama mtu anayejenga juu ya maji.

"Mama, mbona wanitazama hivyo?"

"Mtu hatazami mwanawe?"

"Watazama kama nimekufa."

"Chukua nyundo uende."

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nitasema kwa ufupi. Mimi ni mjane. Shule niliishia darasa la saba. Nina watoto wawili. Mkubwa ni Damaris, msomi wa hesabu, anafanya kazi na kuishi Kilifi. Mdogo ni huyu Randu, aliyeoa juzi na anajenga nyumba yake hapo hapo tulipo. Damaris ndiye aliyetushauri akina mama tuanzishe chama cha kukamua mafuta ya nazi. Tukakiita Tui Zito. Mwenyekiti akawa Bi Mahfudha wa Malindi mjini, rafiki yangu wa miaka mingi. Mwandishi wa hesabu akawa Damaris mwenyewe.

Kila mtu aliambiwa alete alicho nacho. Wenzangu wakaleta pesa. Mimi sikuwa nazo, nikaleta minazi.

Hapo nisikilizeni vizuri. Nilileta minazi. Sikuleta ardhi.

Mgeni anaweza kushangaa, lakini huku kwetu mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu hununua minazi iliyo kwa jirani, akawa anakuja kuangua nazi zake na kuondoka. Mtu huweka minazi yake rehani na usiku akalala chini yake. Hakuna anayegombana. Hata mtoto anajua.

Damaris akaja na karatasi ya Kiingereza. Akanisomea kwa Kiswahili: "Mimi Kabibi natoa minazi yangu kwa chama." Nikatia sahihi. Akachukua na hati ya shamba, akasema wakaguzi watataka kuitupia macho. Ni mtoto niliyemzaa mimi. Ningemwambia asome mara ya pili?

Kisha ukaja mkutano mkuu, na hapo ndipo nilipoishia wiki jana. Bi Mahfudha alisimama akasoma kwamba mali ya chama imepanda sana. Nikamnong'oneza wa kando yangu, "Imepanda vipi, na mashine imekufa?" Kwa maana mashine yetu ya kukamua ilikufa zamani. Iko bandani kwa Bi Mahfudha, kuku wanataga kwenye mdomo wake. Lakini katika hesabu ilikuwa bado ina bei ileile tuliyoinunulia, mpya, inang'aa.

Damaris akasimama akaeleza maneno ya kisomo. Nikapiga vigelegele kuliko wote. Sikuelewa hata neno moja. Nilifurahi tu kwamba anayesema ni wangu.

Haya, sasa twende.

Uvumi wa Kahonzi uliponizidi, nikafunga kanga nikaenda Malindi kwa Bi Mahfudha. Nilimkuta uani anachuja tui.

"Hodi."

"Hodi na mwenyewe. Karibu, Mama Damaris. Mbona waja na uso wa matanga?"

"Bi Mahfudha, nani kanunua shamba langu?"

Kifumbu kikamsimama mkononi. Tui likadondoka peke yake.

"Astaghfirullah. Hakuna aliyenunua. Nani kakwambia maneno hayo?"

"Basi niambie limeandikwa wapi."

Akaanza kukikamua tena kile kifumbu. Hapo nikajua kuna jambo. Asiye na neno hujibu upesi.

"Limo katika hesabu," akasema. "Katika mali ya chama. Limeandikwa shamba la Ganda na minazi yake."

"Shamba gani la Ganda? Mimi nilitoa minazi."

"Na minazi yako inaota hewani?"

Wanawe wa kike waliokuwa jikoni wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

"Bi Mahfudha, wewe ni mtu wa pwani, usinifanye mimi mgeni. Marehemu mama yako alikuwa na minazi kwenye shamba la watu Mambrui. Aliwahi kudai ardhi?"

"Hakudai."

"Kwa nini?"

"Haikuwa yake."

"Haya."

Akaweka kifumbu chini. Akajifuta mikono kwa leso, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mwenzangu, mimi sikuandika. Mimi nilisoma nilichoandikiwa. Na niliuliza, wallahi niliuliza. Nikaambiwa mwenyewe ameridhia, na tena ni kwenye karatasi tu, hakuna atakayeligusa. Bila lile shamba hesabu zetu zilikuwa hasara tupu. Nani angetukopesha?"

"Kwani mmekopa?"

"Tumekopa. Tulitaka kununua mashine nyingine."

"Iko wapi hiyo mashine?"

"Pesa ziliishia kwenye madeni ya ile ya kwanza."

"Na mkopo mmelipa?"

"Tulipe na nini, Kabibi? Na mayai?"

Nikakaa chini bila kukaribishwa. Akaniletea maji, nikayashika tu.

"Rafiki yangu," nikasema, "umekaa kwangu, umekula kwangu, kaburi la Mwaro umelitia mchanga. Ulishindwaje kunijia ukaniambia neno moja?"

"Niliona haya."

"Haya ya kuniambia, lakini si haya ya kusoma mbele ya watu."

Akainama akaokota kifumbu chake. Nikamuuliza ni nani aliyelitia bei shamba langu. Akasema ni mthamini mmoja wa Kilifi, anaitwa Njenga.

Kesho yake nikaenda Kilifi. Nilikuwa nimeshajipangia matusi yote. Huyo Njenga nilimwona kichwani mwangu, ana tumbo, ana miwani, mwizi kabisa. Nikakuta kijana mwembamba, mtu wa bara, mpole, ananivutia kiti.

"Karibu mama, keti hapo. Nikusaidie na nini?"

"Wewe ndiye uliyelitia bei shamba la Ganda?"

Akafikiri kidogo. "Lile lenye minazi? Ndiyo, ni mimi."

"Ulijuaje bei yake na mimi siuzi?"

"Mama, tunaangalia mashamba ya jirani yaliuzwa kiasi gani, halafu tunalinganisha."

"Jirani zangu hawajauza."

"Kuna ploti ziliuzwa kule upande wa Mayungu."

"Kule ni ufukweni, mwanangu. Kwangu ukitaka kusikia bahari, fungua redio."

Akatabasamu. "Ni kweli, na nilipunguza kidogo kwa sababu hiyo."

"Ungepima minazi peke yake ingekuwa bei gani?"

"Minazi peke yake? Hiyo ni pesa kidogo, mama. Tungehesabu nazi itakazozaa tu. Lakini sikuambiwa minazi peke yake. Niliambiwa shamba."

"Na kaburi la mume wangu, nalo ulilitia bei?"

Kile kicheko cha usoni kikamtoka. Akaacha kalamu.

"Kaburi gani?"

"La Mwaro. Lililozungushiwa mawe, karibu na mkorosho."

"Mama, niliuliza. Nilipoyaona yale mawe niliuliza, kwa sababu shamba lenye kaburi wanunuzi wengi hulikimbia, bei inashuka. Niliambiwa hayo ni mawe tu."

"Nani alikwambia ni mawe tu?"

"Yule binti aliyenizungusha. Alijua kila kona. Alisema hapo ni kwao, na mama yake amesafiri."

Nilimwomba aniambie anafananaje, na moyo wangu ulikuwa ushajua. Mrefu. Pengo dogo mbele. Anacheka na bega moja limepanda.

Pengo hilo ni langu. Nimempa mimi.

Ndipo nikaikumbuka ile siku. Damaris alikuja Ganda asubuhi anahema. Akaniambia, mama, kimbia Magarini, shangazi hali mbaya. Nikaenda mbio bila hata kuoga. Nilipofika nikamkuta wifi yangu shambani, jembe mkononi, mzima kama mchi. Nikapiga magoti palepale kwenye matuta, nikamshukuru Mungu kwa kumponya.

Sikurudi Ganda. Nikaenda moja kwa moja kwa Damaris.

"Mama! Mbona hukupiga simu? Shikamoo."

"Marahaba. Damaris, yale mawe ni ya nini?"

"Mawe gani, mama?"

"Uliyomwambia Njenga ni mawe tu."

Alikuwa ananimiminia maji ya embe. Bilauri ikajaa, ikamwagika mezani, naye bado anamimina.

"Mama, kaa kwanza."

"Nitakaa ukinijibu."

Akaweka jagi. Kwa muda alikuwa anafuta meza, anafuta pale palipokwisha kauka.

"Ile mashine mimi ndiye niliyewaambia mnunue," akasema. "Ikafa. Mafuta hayakuuzika. Ningeandika ukweli, chama kingeonekana kimefilisika, na kila mtu angesema Damaris ametapeli mama zetu. Kazini wangesikia. Nani angeniachia tena hesabu zake? Nikatafuta kitu cha kuifunika hasara."

"Ukapata kaburi la baba yako."

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nifundishe. Wewe ndiye msomi."

"Si wizi, mama. Kuna kanuni. Mali huandikwa kwa thamani ya haki. Ni ile bei ambayo mwenye kutaka kununua na mwenye kutaka kuuza wangepatana leo, bila yeyote kulazimishwa. Shamba likipanda bei, ile ziada inaingia kwenye hesabu. Ziada ya shamba ikaimeza hasara ya mafuta."

"Rudia hapo. Mwenye kutaka nini?"

"Kutaka kununua."

"Na mwingine?"

"Kutaka kuuza."

"Ni nani huyo?"

Akarudi kufuta meza.

"Nakuuliza, Damaris. Katika kanuni yenu, huyo mwenye kutaka kuuza alikuwa nani? Alikuwa wapi siku hiyo? Alikuwa Magarini anamtazama shangazi mgonjwa?"

Akaanza kulia. Nami, mniwie radhi, mkono wangu ukaondoka wenyewe kwenda kumfuta machozi. Nikaurudisha.

"Kanuni haina kosa," akasema kwa sauti ndogo. "Kosa ni langu. Hata hiyo kanuni ingekataa. Ardhi si ya chama, haikutakiwa kuandikwa hata shilingi moja."

"Na ile karatasi uliyonisomea, ilisema minazi?"

"Ilisema shamba na vyote vilivyo juu yake."

Jamani. Vyote vilivyo juu yake. Niko mimi juu yake. Yuko Randu na mkewe. Yuko Mwaro chini yake.

"Damaris, huyu mkopeshaji anataka nini?"

"Wanakuja Jumatatu kwenye mkutano wa chama. Wanataka kusikia kwa kinywa chako kama shamba ulilitoa kwa hiari. Ukisema ulilitoa, wanaliuza walipwe chao."

"Na nikisema sikulitoa?"

"Watauliza nani aliyekusomea ile karatasi."

"Nami niseme nani?"

"Utasema mimi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Halafu ni polisi, mama. Hilo si jambo la kuombana msamaha."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Randu, sauti imejaa furaha.

"Mama, uko Kilifi? Niletee misumari ya bati. Upande mmoja nishaezeka, ukirudi utaona nyumba!"

"Nitaleta."

"Usisahau, mama. Ile mirefu."

"Nimesikia, baba."

Nilipokata simu, Damaris alikuwa amepiga magoti, ameishika kanga yangu kwenye pindo, vile alivyokuwa akinishika utotoni akiogopa radi. Akaniuliza swali moja tu. Nikalitoa pindo langu mkononi mwake taratibu, nikachukua kapu langu, nikaenda kununua misumari.

Uvumi wa Kahonzi, nilioucheka, ulikuwa na ukweli kuliko hesabu zilizosomwa mbele yangu na watu wakazipigia makofi. Mimi sina kisomo cha kuwafundisha. Lakini nimeyaona, na sitaki yawakute. Mama mwenzangu, jiepushe na haya:

Usitie sahihi karatasi ya lugha usiyoijua, hata kama anayekusomea ulimnyonyesha.

Usitoe hati ya shamba ikaangaliwe. Mwenye macho aje nayo kwako.

Usitoe minazi kimyakimya. Ita majirani, useme mbele yao kwamba ardhi imebaki.

Usipige vigelegele ukiambiwa mali imepanda na hakuna kilichouzwa. Uliza ni kitu gani kilichopanda, na ni cha nani.

Usikubali mashine iliyokufa iandikwe kama nzima. Kabla ya mkutano nenda bandani ukaitazame.

Usimwache mthamini azungushwe kwako na mtu mwingine. Mwonyeshe mwenyewe, na uanzie makaburini.

Usipokee habari za mgonjwa bila kumpigia simu mgonjwa.

Na usingoje mpaka mwanao apige magoti akuulize, "Mama, wataka shamba au wanitaka mimi?" Mimi nimeshaulizwa. Ninapoandika haya Randu yuko juu ya paa, anapigilia ile misumari, na kila pigo linaniuliza swali hilo hilo. Jumatatu ni kesho.